Kima wa Chini, Kima cha Chini

Jumatatu, 4 Machi

Wiki ya maisha yangu imeanza. Naandika kwa mwandiko mzuri, maana siku moja watu watataka kujua nilianzaje.

Daktari ametangaza nafasi ya Mwangalizi Mkuu. Atakayeipata atakalia kiti chenye magurudumu, atakuwa na ufunguo wake mwenyewe, na jina lake litaingia kwenye ripoti itakayosomwa na mabingwa wa ubongo dunia nzima. Wagombea tuko wawili, mimi na Kalamu Nne. Anaitwa hivyo kwa sababu mfukoni hubeba kalamu nne, na zote zinaandika. Sijawahi kumwamini mtu wa namna hiyo.

Nieleze kazi yetu kwa faida ya vizazi. Tunachunguza usonji. Wakubwa wana jeni fulani wanayoifuatilia, moja kati ya nyingi. Ikibadilika, ubongo hujijenga kwa namna nyingine, na kiumbe hukua na njia yake mwenyewe ya kukaa na wenzake. Katika ukumbi wetu wa kima yupo mmoja aliyezaliwa na jeni hiyo ikiwa imebadilika. Wengine hawana. Sisi waangalizi tunakaa nyuma ya kioo tukiandika nani kakaa peke yake, nani kamsogelea mwenzake, nani anarudia-rudia jambo lile lile. Kisha maandishi yetu yanalinganishwa na picha za ubongo na vipimo vya damu.

Sasa kichekesho. Hatuambiwi ni kima yupi! Daktari anasema lazima tuwe vipofu, kwa sababu mtu akishajua huona anachotaka kukiona. Nimeajiriwa kutazama, halafu naambiwa niwe kipofu. Nilimuuliza kama ripoti nayo tuiandike kwa kupapasa. Hakucheka.

Daktari ni bingwa, simbishii. Lakini Kiswahili chake! Alisoma ng'ambo miaka mingi, akarudi na ngeli zote zimevurugika mizigoni. Kitabu yangu. Viti mbili. Mlango kimefungwa. Mimi niliyekuwa wa kwanza darasani kwa Kiswahili huumwa kabisa, hapa chini ya mbavu. Namsahihisha kimoyomoyo, kisha namsamehe.

Kinachoniweka roho juu ni kingine. Mama mkwe anakuja Jumamosi. Kwa miaka mingi aliamini nasaga nyama, kwa sababu mke wangu alimwambia nafanya kazi ya kima. Kila akipiga simu aliniuliza kama nimebakisha mifupa. Mwaka jana nikachoka, nikamwambia mimi ni mkuu wa utafiti wa ubongo. Nilitia chumvi kidogo. Leo amepiga: ana swali moja kwa mkuu wa ubongo. Zito. Hawezi kulisema kwenye simu. Atakuja kuniuliza kazini, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu.

Kiti! Mimi nakalia ndoo iliyogeuzwa. Hiyo nafasi lazima niipate kabla ya Jumamosi, kufa kupona.

Jumanne, 5 Machi

Mpango wa kwanza. Anayemjua kima mwenye jeni mapema ndiye ataandika vizuri kuliko mwenzake. Si udanganyifu. Ni maandalizi.

Nimemfuata mtaalamu wa kompyuta, ambaye ndiye anayeitunza siri hiyo. Nikajitia hamnazo. Nikamuuliza, kwa mfano tu, kama angekuwa kima, na jeni yake ingekuwa imebadilika, angependelea kukaa upande gani wa ukumbi. Akasema upande wowote ambao mimi sipo.

Mpango wa pili. Nikaegesha sikio kwenye mlango wa Daktari. Mlango ukafunguka, nusura niingie na kichwa. Nikamwambia nilikuwa napima ubora wa mbao. Akaniambia mlango hiki ni ya chuma. Makosa mawili kwenye sentensi moja! Nimerudi kwenye ndoo yangu nimenuna.

Wakati huohuo Kalamu Nne anaandika tu. Kutwa anamkodolea macho kima mmoja mdogo anayekaa dirishani na kifuniko cha chupa, anakizungusha, anakizungusha, anakizungusha. Mimi nimempa jina la Fundi. Ni kijana mchapakazi, ana shughuli yake, hasumbui mtu. Mama yake anakaa nyuma yake na kumchambua manyoya kutwa nzima. Nilimwambia Kalamu Nne anapoteza wino. Akabadilisha kalamu.

Jioni shemeji, dada yake mke wangu, alipita nyumbani na binti yake. Huyu binti sisi tunamwita Malkia. Ana usonji. Haongei sana, ila akiingia kwenye nyumba hupanga viatu vyote mlangoni kuanzia kidogo hadi kikubwa, na ole wako uvisogeze. Leo amevipanga vyote, isipokuwa vyangu. Vyangu amevitoa nje na kufunga mlango. Nikataka kujua kosa langu. Mke wangu akasema vinanuka kima.

Shemeji hakucheka na sisi. Nilimwona jikoni anafuta macho. Nilidhani ni vitunguu, lakini mke wangu anasema hapakuwa na vitunguu.

Jumatano, 6 Machi

Siku kuu! Siku ya ajabu! Lakini nianze mwanzo.

Asubuhi nilifika na karanga ndani ya soksi, kwa ajili ya mpango ambao bado haujakomaa. Mlinzi alikuwa anapekua mifuko, maana kumlisha kima bila ruhusa ni kosa kubwa hapa, huharibu utafiti. Nikajificha kwenye stoo ya uani mpaka aondoke. Stoo yenyewe imechoka, mabati ya juu yametoboka, na tone moja la maji lilikuwa likinidondokea kisogoni kwa ustadi kabisa. Nilipotoka, kikao cha asubuhi kilikuwa kimekwisha. Shingo imelowa, karanga salama.

Daktari nilikutana naye kwenye korido. Barakoa usoni, simu sikioni, anatembea mbiombio. Akaniuliza kama nilisikia alichoeleza kwenye kikao. Nikamwambia neno kwa neno. Mtu anayetaka ukuu hawezi kusema alikuwa stoo.

Akasema vizuri, basi Kalamu Nne ataangalia ukumbi mzima, na mimi hadi Ijumaa nina kazi moja tu. Naandika maneno yake kama yalivyotoka: "Usiondoe macho kwenye kima cha chini. Kikipanda tu, nipigie simu hapo hapo, hata niwe wapi."

Akaenda zake. Mimi nilishika ukuta.

Kima wa chini! Amejisaliti! Kwenye ukumbi kima wote hukaa juu, kwenye mbao na kamba. Mmoja tu hukaa chini sakafuni, kutwa kucha, tumbo mbele, kama mwenye nyumba anayesubiri kodi. Namwita Mheshimiwa. Kumbe ndiye! Kumbe jeni iko kwa Mheshimiwa! Na kupanda kwake kuna maana ya kisayansi, ndiyo maana anataka kupigiwa simu.

Bila shaka alisema "cha", na alisema "kikipanda". Maskini. Kima ni mnyama, ana roho, ana mkia. Ni kima wa chini. Ni akipanda. Nilimsahihisha pale pale kimoyomoyo, nikamsamehe kwa moyo mweupe.

Ninajua siri. Kalamu Nne hajui. Leo nimelala mchana kwa furaha.

Alhamisi, 7 Machi

Nimemtazama Mheshimiwa mpaka macho yamekuwa mekundu. Ushahidi unamwagika!

Kwanza, amekaa peke yake. Wenzake wakimsogelea, anawatupia ganda. Pili, hanitazami machoni. Nimejaribu kulia, kushoto, nimepiga magoti. Anageuza kichwa. Tatu, amenipa mgongo tangu asubuhi. Yote nimeyaandika, nikapigia mstari.

Kilichopungua ni ile tabia ya kurudia-rudia. Sikutaka kudanganya. Nilitaka kuusaidia ukweli ujitokeze haraka, maana Jumamosi haisubiri. Hapo ndipo karanga zilipopata kazi. Nilifungua kijidirisha cha chakula kwenye wavu ulio kando ya kioo, nikamsubiri agonge wavu, nikampa karanga moja. Akagonga tena, nikampa tena. Kufika saa sita alikuwa anagonga wavu kwa mpigo mmoja usiobadilika. Nimeandika: "Anarudia-rudia mno." Ni kweli tupu. Kila akigonga nilikuwa nimefika pale kabla hajashusha mkono.

Kalamu Nne akapita na karatasi zake. Akaniuliza, eti, kima cha chini vipi? Naye anajua! Na ngeli za Daktari zimeshamwambukiza! Nikajikaza, nikamjibu kwamba katulia tuli, hajapanda hata kidogo. Akashusha pumzi, akasema afadhali. Afadhali! Unafiki wa mtu huyu hauna mfano.

Alipokwenda kula, kero ikaanza. Nyuma ya ndoo yangu kuna chumba cha sampuli, na ndani yake friza kubwa wanamotunza damu na vitu vya jeni za kima wote. Hiyo friza ikaanza kulia. Pii, pii, pii. Mheshimiwa akaacha kugonga, akaziba masikio. Kazi ya wiki nzima inaharibiwa na mashine! Nikaifunika kengele yake kwa sweta langu. Ikaendelea kupiga pii za ndani kwa ndani. Nikatafuta kitufe, nikakibonyeza. Kimya. Mheshimiwa akarudi wavuni. Mara moja moja mtu hulazimika kuchukua uamuzi wa kiutawala.

Mke wangu ameuliza kwa nini soksi zangu zina maganda. Nikamwambia ni siri ya taifa.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeshinda! Nimeshinda kwa namna ambayo mwenyewe sijaielewa!

Asubuhi karanga ziliisha. Mheshimiwa akagonga, nikamwonyesha mikono mitupu. Akagonga kwa hasira. Nikamwomba radhi. Ndipo akauona mfuko wangu, niliokuwa nimeutundika kwenye ndoano juu ya wavu. Akainuka. Taratibu, kwa heshima zake zote, na tumbo lake lote, akaanza kupanda.

Nikadaka simu. Daktari alipopokea nikapiga kelele: "Amepanda! Kima wa chini amepanda!" Nikasikia upande wa pili kiti kikianguka. Akasema anakuja.

Alikuja anakimbia. Alikuwa ametoka saluni katikati ya kazi. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Nikamwelekeza kwenye kioo, Mheshimiwa akiwa bado juu na mfuko wangu mdomoni. Daktari hakumtazama hata kidogo! Alinipita, akaingia chumba cha sampuli, akapiga ukelele. Kalamu Nne akaja mbio na barafu. Wakahamisha vichupa vyote kwenye friza ya jengo la pili. Mimi nilibaki nimeonyesha kidole kwa kima ambaye hakuna aliyemjali.

Alipotoka, Daktari alikaa kwenye ndoo yangu, jasho linamtoka. Akasema friza ilikuwa imeanza kupoteza baridi, na tungechelewa kidogo tu jeni za ukoo mzima zingeoza, miaka yake yote ya kazi ikaenda na maji. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili. Akasema hakunitegemea.

Sikuelewa friza inaingiaje hapa. Lakini sifa hairudishwi kama mzigo uliokosewa anwani. Nikainamisha kichwa, nikasema sikupepesa macho. Akaniuliza niligunduaje, maana kengele haikulia. Nikamwambia sihitaji kengele. Nilimwona kwa macho yangu mwenyewe akipanda, tumbo kwanza. Alinitazama kwa namna fulani. Kisha akarudi saluni.

Jioni nilitembea mtaa mzima nimevimba kichwa. Nimemwambia mke wangu kiti ni chetu. Nimempigia mama mkwe, nikamwambia aje mapema, na kama ana miwani aje nayo.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nimelala kifudifudi.

Mama mkwe alikuja na nguo yake ya harusini na miwani ya kuazima. Nikampeleka kazini, tukapita getini, mlinzi nikampungia mkono kama mkuu. Daktari alikuwa anatusubiri, kichwa kimekamilika. Akamwamkia mama mkwe kwa adabu, akaniambia kuna kitu anataka tukione mimi na yeye. Mama mkwe akasema sisi ni familia, hatuna siri. Nilimuunga mkono! Kwa kinywa changu!

Kitu chenyewe ni mkanda wa kamera. Kazi yangu ni kutazama kima kupitia kioo, nikasahau kwamba kuna kamera zinazonitazama mimi.

Kwenye skrini kubwa akaonekana mtu anafunika kengele ya friza kwa sweta. Sweta la rangi ya chungwa, alilolifuma mama mkwe. Akalitambua kabla yangu. Kisha akaonekana Mheshimiwa anagonga wavu, na mtu anakimbia na karanga. Anagonga, mtu anakimbia. Anagonga, mtu anakimbia. Daktari akasema kwa upole kwamba wataalamu wameutazama mkanda huu mara nyingi, na wanakubaliana kwamba katika picha hii kuna mkufunzi mmoja na mwanafunzi mmoja, na mwanafunzi anavaa soksi.

Kisha akaeleza. Siri imefunguliwa jana jioni. Jeni iliyobadilika ni ya Fundi, yule wa kifuniko cha chupa, na maandishi ya Kalamu Nne yanaendana na picha za ubongo hadi mwisho. Mheshimiwa hana chochote. Ni mkaidi tu. Nikalalamika kwamba hanitazami machoni. Daktari akasema anamtazama kila mtu, isipokuwa mimi.

Na friza? Nikauliza, kwa sauti ndogo. Akaniuliza kama kweli nilikuwa kwenye kikao cha Jumatano. Alisema pale, mbele ya watu wote, kwamba friza inasumbua, na kwamba kwenye kioo chake kuna namba ya baridi kali, inayoitwa kima cha chini, na hiyo namba ikipanda sampuli zinaharibika.

Kima. Cha. Chini.

Kikipanda.

Miaka yote nimemsikia mwanamke huyu akichinja ngeli. Siku moja tu amepatia, amepatia zote mbili katika pumzi moja, na siku hiyo ndiyo mimi nikamsahihisha!

Uso ulinishuka. Mama mkwe akavua miwani ya kuazima. Akamuuliza Daktari, huyu si ndiye mkuu wa ubongo? Daktari akanitazama mimi, akamtazama yeye. Angeweza kunimaliza pale pale. Akasema huyu ni mwangalizi wetu, mama. Akatoka kutuachia nafasi.

Nilidhani mama mkwe atanifokea. Ningefurahi. Badala yake akanivuta hadi kwenye kioo, akasema anaona mimi si mkuu wa kitu chochote, na moyoni alikwisha kujua, maana hakuna mkuu anayepokea simu kwa haraka vile. Lakini nimekaa hapa miaka, na hana mwingine wa kumuuliza.

Ndipo akatoa swali lake. Mawifi wa shemeji wanamsema. Wanasema Malkia yuko vile kwa sababu mama yake alirudi kazini mapema, hakumbeba vya kutosha, hakumpa mapenzi. Wanasema mbele yake. Shemeji ameanza kuamini. Hapati usingizi. Mama mkwe akaniuliza: ni kweli mwanangu amemharibu mtoto wake?

Nilijisikia vibaya kwa mara ya kwanza wiki hii, na si kwa ajili ya kiti.

Nikamwonyesha dirishani. Fundi alikuwa pale, na kifuniko chake. Nyuma yake mama yake, anamchambua manyoya, unywele kwa unywele. Nikamwambia amtazame yule mama. Hajambwaga mtoto wake hata siku moja. Fundi akitaka kubebwa anabebwa, asipotaka anaachwa na kifuniko chake, na mama yuko pale pale. Tumemwandika tangu siku aliyojifungua, na hakuna aliyewahi kuandika kosa lake. Fundi alizaliwa hivyo. Kima si mtoto, nikamwambia, na Daktari mwenyewe husema wanachokijua bado ni kidogo na jeni ni nyingi. Lakini hilo wameshalijua. Halitoki kwenye mapenzi ya mama.

Sikujua Daktari amerudi na chai. Alikuwa amesimama nyuma yetu. Akasema, "Ndiyo, mama. Si kosa ya mama. Hapana kabisa."

Kosa ya mama. Nimesikia wazi. Wala sikusahihisha.

Mama mkwe alilia, kisha akafuta uso kwa mikono yote miwili, kisha akatoa simu na kumpigia shemeji palepale, kwa sauti iliyowafanya kima wote wageuke. Akamwambia mtaalamu amesema si kosa lako, umenisikia? Mtaalamu amesema! Na hao mawifi waje hapa waonyeshwe. Upande wa pili nilisikia mtu anashusha pumzi kama aliyetua mzigo.

Mtaalamu alikuwa mimi au Daktari? Sikuuliza. Njiani kurudi mama mkwe alinishika mkono, na hakusema chochote kuhusu sweta.

Jumapili, 10 Machi

Nimeamka mpya kabisa. Kwanza, kuhusu jana: ni kosa la mama. La. Nimeshamsahihisha, kumbukumbu iwe sawa.

Kiti amepewa Kalamu Nne. Nasikia jana jioni alikuwa anazunguka nacho peke yake kwenye korido, kalamu zinaruka. Nampongeza. Mimi sishindani naye tena, nimepanda kuliko yeye.

Daktari amenipigia mwenyewe asubuhi hii, siku ya mapumziko, jambo ambalo kwa Kalamu Nne hajawahi kulifanya. Akasema kuanzia kesho niachane kabisa na kima, nisiwasogelee. Sasa nitashughulikia paa la nyuma, kule uani. Amenikabidhi mimi peke yangu.

Paa! Nilijua! Kuna tetesi tangu mwaka jana kwamba watatuletea wanyama wengine, na zizi la uani liko tupu. Baada ya ubongo wa kima sasa ni ubongo wa paa, mnyama mzuri, mwepesi, mwenye macho makubwa ambayo bila shaka yatanitazama. Mkuu wa Paa ni mimi!

Alisema "paa la". Maskini Daktari. Ni paa wa nyuma. Akaniambia nivae viatu visivyoteleza, na hilo nimelielewa mara moja, maana paa wana mbio. Akanionya niwe mwangalifu, limechoka sana, linaweza kuniangukia. Amechoka, Daktari. Anaweza. Safari ndefu humchosha kila mnyama. Akataka niwahi kabla ya mvua, na hapo nikavutiwa na huruma yake.

Nimempigia mama mkwe kumpa habari ya cheo. Akauliza Daktari alisema paa wa au paa la? Nikamwambia la, lakini asijali, nimeshamsahihisha. Nikasikia simu ikianguka, halafu kicheko kirefu kwa mbali, halafu sauti ya shemeji ikiuliza kuna nini, halafu na yeye akaanza kucheka. Sijamsikia shemeji akicheka siku nyingi. Wamefurahi sana kwa ajili yangu.

Malkia kapita mchana na kupanga viatu vyetu. Vyangu bado viko nje. Nimevisugua kwa sabuni na kuviacha juani, maana paa wana pua kali. Jioni nimekata majani mabichi, fungu zima, nimelifunga kwa kamba. Kesho nitakuwa uani kabla ya mtu yeyote.